Nchi Iliyopigwa Bandi

Kifungo kilidondoka gizani. Tak. Kikabiringika sakafuni, kikapita chini ya kitanda, kikagonga mguu wa cherehani, kikajizungusha pale kama kuku anayetafuta pa kulala, kisha kikanyamaza.

Nilikuwa macho, nangoja kupambazuke. Mwanangu Kidawa alikuwa amelala ubavuni pangu na gauni lake jipya, maana jana yake alikataa katakata kulivua, na kifungo kilikuwa cha gauni hilo, kile cha juu, karibu na shingo. Alikuwa amekichezea mpaka uzi ukachoka. Sikushangaa. Nyumbani kwetu vifungo havikuwa kazi yangu. Mimi nilishona, mume wangu, Shomari, alikata vitambaa na kushona vifungo. Alikuwa na namna yake: akishapitisha uzi kwenye matundu, aliuzungusha chini ya kifungo, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kifungo kikapata kishingo cha kusimamia. "Kifungo nacho kinataka kugeuka kiangalie watu," alikuwa akisema. Vifungo vyake havikudondoka. Vyangu hulala bapa juu ya nguo, na kitu kilicholala bapa hakikawii kuondoka.

Nikalala nawaza. Kifungo kikiachana na nguo, nani kampoteza mwenzake? Nguo itasema ni yenyewe iliyopoteza, kwa sababu sasa shingo iko wazi na baridi inaingia. Lakini kifungo kiko kule chini, kina matundu yake yote, hakijavunjika popote, bado ni kifungo. Ila hakifungi kitu. Je, kitu kisichofanya kazi yake bado ni kitu kile kile? Na mtu je? Mwalimu wetu wa darasa la jioni alituuliza swali la namna hiyo, nikarudi nalo nyumbani, mtoto begani, swali kichwani, na mpaka leo sijui kati ya mizigo ile miwili upi ulikuwa mzito zaidi.

Shomari wangu yuko Mwinuko. Alivuka Utepe. Na anayevuka Utepe hafiki kama alivyoondoka.

Ngoja niseme kwanza nchi yetu ilivyo.

Nchi yetu ni moja. Ina bendera moja na wimbo mmoja, na mvua inayoanzia Mwinuko huja kumalizikia Bondeni bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi wa Bondeni tuna mafundi wa nguo: kila kibaraza cherehani, kila cherehani mtu ameinama, anangoja mteja ambaye jana hakuja. Kule Mwinuko wana watoto tele wanaokwenda shule magoti nje, mashati yameshikizwa kwa pini, na hawana wa kuwashonea. Mtu angedhani ni jambo jepesi. Ama sindano ipande, ama nguo ipande. Lakini katikati umekaa Utepe.

Ni utepe wa kitambaa tu, upana wa kidole, umefungwa toka nguzo hadi nguzo. Mbuzi wanapita chini yake wakitafuna. Mtu hapiti mpaka afumuliwe.

Ndiyo desturi. Chochote kilichofanywa upande mmoja lazima kirudi kilivyokuwa kabla hakijafanywa, ndipo kiingie upande wa pili kifanywe upya na mikono ya huko. Kitanda hupita kikiwa mbao. Mkeka hupita ukiwa majani. Mkate sijui wanaufanyaje, lakini nimeona kwa macho yangu mkate ukiingia na unga ukitoka. Hata bendera, zamu yake ya kupandishwa Mwinuko ikifika, hufumuliwa. Rangi zikapita moja moja, zimekunjwa, zikashonwa tena ng'ambo. Na kila ikirudi huwa imepungua kidogo, kwa sababu kila mshono mpya unakula kitambaa. Hakuna ajuaye mwanzoni ilikuwa kubwa kiasi gani. Labda ilitosha kumfunika kila mtu.

Na watu hufumuliwa vilevile. Mfumuaji anakushika mkono, anatafuta ncha ya uzi chini ya ukucha wa dole gumba, anavuta. Hauumi, wanasema. Unatoka uzi wa kazi yako, yote, tangu siku uliyoanza kufundishwa, na kwa kuwa kazi na miaka vilishonwa pamoja, miaka nayo inafuata. Fundi mwenye ndevu anafika Mwinuko na kidevu laini. Huko ataanza na ufagio. Akijaliwa, watamshona upya, taratibu, kwa uzi wa huko.

Wenye watoto? Mwenye mtoto akifumuliwa miaka, mtoto anabaki amezaliwa na mtu ambaye bado hajamzaa. Nimewaona pale Utepeni, watoto wanamwita mtu anayekwenda zake, na mtu hageuki. Si ukatili. Hajui kwamba anaitwa yeye.

Shomari alijua yote haya, na alikwenda, kwa sababu mkasi wake ulikuwa umeanza kushika kutu. Alijifunga kiuzi kwenye kidole cha shahada ili asitusahau. Nasikia ndicho kilichofumuliwa kwanza.

Kisha zikaja habari, kwa wapitaji. Kwamba Mwinuko, kwenye kibaraza cha duka la nguo, yuko kijana anayefagia vipande, na kila akimaliza kufagia mkono wake huenda kwenye kola, ukapapasa, ukarudi. Walihadithia wakicheka. Mimi sikucheka. Fundi huchomeka sindano yake kwenye kola.

Basi nikaamua. Nitakwenda, na nitakwenda na mtoto. Lakini nitapitaje nikiwa bado mama yake?

*

Hapa lazima nieleze kosa letu, na ni kosa ambalo mafundi wa Bondeni peke yetu ndio tungeweza kulifanya.

Sisi hatushoni. Tunapiga bandi.

Bandi ni ile mishono mirefu ya kushikiza, ambayo fundi huitia kwanza ili nguo ikae mkao wake, kisha hushona juu yake mshono wenyewe, na bandi akaitoa. Sisi tuliishia kwenye bandi. Lini, sijui, mama alifanya hivyo na mama yake alifanya hivyo. Hoja yao ilikuwa na akili: ikiwa nguo yote itafumuliwa Utepeni, kwa nini uikaze? Ishikize tu, ivutwe mara moja, kitambaa kisiumie. Tulikuwa tunamwonea huruma mfumuaji. Tulikuwa tunaonea huruma kitambaa. Baadaye mkono ukazoea, na mkono uliozoea haujui nguo hii inakwenda wapi. Tukapiga bandi hata nguo zisizovuka. Mashuka, mito, suruali za waume zetu. Bibi harusi wa Bondeni anacheza amebana mikono, wageni wanasifu haya yake, kumbe anaogopa mshono wa kwapa utaachia. Nchi nzima inatembea imejishika nguo.

Na nikitazama vizuri naona si nguo tu. Tunajenga nyumba kama watu watakaohama. Tunaagana kabla ya kusalimiana. Ahadi tunazipa mishono mirefu. Hata kupenda. Nani alianza? Utepe ulianza, tukapiga bandi? Au tulipiga bandi, Utepe ukaona hawa wanafumulika?

Sijui. Nauliza tu.

Jioni ya kuamkia safari, nilipokuwa namalizia gauni la Kidawa, jirani yangu Sikudhani, fundi kama mimi, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akatazama.

"Tunu," akaniita, "hilo ni gauni au gunia la kahawa?"

"Gauni."

"Mbona unapita mara mbili? Na hapo tena unarudi! Shoga, una ugomvi na kitambaa?"

"Mtoto anapanda ukuta."

"Si apande. Likifumuka utashikiza tena. Sisi mama zetu walitushona hivyo?"

"Ndiyo maana sisi tunakaa tumefumbata magoti."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kidogo, na alipocheka mkono wake wa kushoto ulikwenda ubavuni, ukashika mshono. Hata hakujua kama umekwenda.

"Haya, na huko Utepeni watalifumuaje?"

"Sijui," nikamwambia. "Nataka kuona."

Akasema polepole, "Ukirudi, utanisalimia vipi? Shikamoo au mambo?" Ulikuwa mzaha, ila haukumalizika kama mzaha.

*

Kulipopambazuka Kidawa alishuka kitandani, akaingia chini, akatoka na kifungo. Nikamwambia nipe nikushonee. Akafumba ngumi, akaiweka nyuma ya mgongo. Nikamwacha. Mtoto akishafumba ngumi, ndani yake mna nchi yenye mipaka yake.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nikalishona pindo la gauni lake kwenye mbeleko, mshono mdogo mdogo, nikirudia. Nikambeba mgongoni. Ncha za mbeleko nikazishona kwenye gauni langu mimi, hapa kifuani, mshono juu ya mshono, mpaka sindano ikawa inakataa kuingia. Tukawa nguo moja. Sindano nikaichomeka kwenye kola, nikafunga mlango.

Njia ya Utepeni haina urefu wa kueleweka. Ukienda na haraka inarefuka. Ukiuliza maswali inafupika, na mwanangu aliuliza. Jiwe linalala saa ngapi? Kivuli kinakula nini? Mbona ule mlima una nywele?

Ule mlima. Nilikuwa nimeusikia, sikuwa nimeuona. Kando ya Utepe pamerundikwa nyuzi zote zilizowahi kufumuliwa, za nguo na za watu, rundo limekuwa mlima, na upepo ukipita mlima unapumua. Ndege wamejenga humo. Pale saa haisogei. Si asubuhi wala alasiri, jua limesimama katikati kama lisiloruhusiwa kuchagua upande, na kila mtu ana vivuli viwili, kimoja Bondeni, kimoja Mwinuko, na mwenyewe katikati hana hakika kipi ni chake.

Nikasimama mbele ya mlima.

Uzi wa nani huu. Na huu. Mwashi? Mpishi? Huu mwembamba labda wa mkunga, uzi uliopokea watoto, sasa umelala chini ya uzi wa seremala. Na wa Shomari uko wapi. Mweusi? Alipenda mweusi. Uzi wa miaka yetu, wa siku ile mvua ilipoingia ndani tukasogeza cherehani kwanza na kitanda baadaye, tukacheka. Uko humo. Ile siku iko humo. Nikivuta hapa, atahisi kule?

Nikavuta uzi mmoja, uliokuwa karibu. Ukatoka mrefu. Nikautunga kwenye sindano yangu ya kola, bila sababu, kama mtu anavyookota jiwe njiani akaliweka mfukoni.

"Wewe wa mlimani. Njoo, foleni iko hapa."

Alikuwa Bi Hidaya, mfumuaji. Mama wa makamo, amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja huku, mmoja kule, Utepe umempita magotini. Nyuma yake nyumba yake, nayo imepasuliwa katikati na mstari ule ule. Mkononi ana wembe mdogo uliofungwa kitambaa.

"Shikamoo, Bi Hidaya."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Mtoto."

"Ameshaanza kazi?"

"Kazi yake kuuliza."

"Hiyo haina uzi. Wewe geuka. Nguo kwanza, mtu baadaye, ndio utaratibu wetu. Nguo ikishatoka nakushika mkono. Hauumi."

Akaniwekea wembe kifuani, pale mbeleko ilipokutana na gauni, kwa ule wepesi wa mkono uliofumua maisha yote. Wembe ukateleza. Akatafuta mwanzo wa uzi, hakuuona. Akaenda ubavuni, akarudi. Akazunguka nyuma, akalishika gauni la Kidawa, akaligeuza pindo. Nikasikia anapumua kwa pua.

"Nani kashona hii?"

"Mimi."

"Wa wapi wewe?"

"Bondeni."

"Bondeni hawashoni hivi." Akarudi mbele, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Uzi umeingia ndani ya kitambaa. Nikitia wembe hapa sifumui, nachana."

"Basi uchane," nikasema.

"Nichane?" Akaonekana kuumia kweli. "Mimi nafumua, sichani. Mama yangu alifumulia kwenye kigoda hiki hiki, hakuchana hata leso. Nguo inayopita mkononi mwangu inapita vipande vyake vyote vizima. Kuchana ni kazi ya panya."

Foleni nyuma yangu ilianza kunong'ona. Bi Hidaya akainuka. Pande zote mbili za Utepe kuna kidirisha kimoja kimoja, na ndani ya kila kidirisha kuna sauti. Mwenye sauti hakuna aliyewahi kumwona. Akaenda cha Bondeni, akaeleza. Sauti ikauliza, kwa upole kabisa, wenzetu wa ng'ambo wanasemaje? Akaenda cha Mwinuko, akaeleza tena. Sauti ikauliza, nao wa Bondeni wamesemaje? Akarudi. Akaenda tena. Mara ya mwisho hakufika kokote, alisimama katikati, akajifuta jasho kwa pindo la gauni lake, na hapo ndipo nilipoliona gauni lenyewe. Lilikuwa limeshikwa kwa pini tupu, kuanzia bega hadi kifundo cha mguu.

"Bi Hidaya," nikamuuliza, "gauni lako wewe ni la upande gani?"

"Usiniulize."

"Nataka kujua tu."

Akakaa kigodani. "Jiko langu liko Bondeni," akasema. "Kitanda changu kiko Mwinuko. Kila jioni nikimaliza kula najifumua gauni, navuka, najishikiza upya nilale. Alfajiri hivyo hivyo. Nani afuate sheria kama si mimi? Mwisho nikaona pini ni nafuu."

"Na kidole?"

"Kidole nini?"

"Unajivuta uzi?"

Akafumba mkono. "Kila jioni," akasema. "Nalala mtoto. Alfajiri nikikuta kigoda nadhani mama yangu kaniwekea, najifunza upya kufumua kabla chai haijachemka. Mama alishakufa, lakini kila alfajiri mimi sijaambiwa bado."

Kidawa akachungulia begani kwangu akione kidole chenyewe.

Mimi si mtu wa maneno makubwa. Nilikuwa na sindano, na sindano ilikuwa na uzi. Nikapiga magoti mbele yake, mtoto mgongoni, nikachomoa pini ya kwanza.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakushonea."

"Upande gani?"

"Hapa ulipokaa."

Angeweza kunikataza. Akanisogezea bega. Nikaanza begani, mshono mdogo mdogo, nikirudia. Aliangalia sindano inavyokwenda kama mtu anayesoma barua ya jirani, aibu kidogo, hamu nyingi. Uzi ukaisha, nikamwomba mwingine, akanyoosha mkono mlimani bila kutazama, akanipa.

"Huu ulikuwa wa upande gani?" nikamuuliza.

"Hapo haujulikani. Ukishalala humo siku mbili tatu hata mimi siutambui."

"Na hizi rili tunazonunua Bondeni, uzi wake unatoka wapi?"

"Hapa hapa. Tunaukunja, tunauza."

"Na rili za Mwinuko? Ule uzi wa huko, wanaowashonea upya watu wetu?"

Mkono wake ukasimama hewani. Aliutazama mlima, akatazama kidirisha hiki, akatazama kile. Nadhani alikuwa amelijua jibu siku zote, na hakuwahi kulijua. Mambo mengine yanakaa hivyo ndani ya mtu.

"Unatoka hapa," akasema.

Nilipofika pindoni nilikata uzi kwa meno. Akasimama. Akajitikisa, kwanza bega moja, kisha yote mawili, mikono yake ikawa inatafuta pa kushika na haina pa kushika. Akatembea mpaka jikoni kwake. Tukasikia mfuniko wa sufuria. Akatoka, akapita palipo na mstari, akaingia chumbani, kitanda kikalia kidogo alipokikalia. Akarudi jikoni. Akarudi chumbani. Mtu mzima yule alikuwa anakwenda na kurudi ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mtoto aliyepewa viatu.

Alipotoka nje alikuwa amekunja uso tena, uso wa kazi.

"Nikikuacha upite mzima," akaniambia, sauti ya chini, "mimi leo nitakuwa nimefanya kazi gani?"

Nikafikiri. Lilikuwa swali la haki, na nilipenda kwamba ameniuliza mimi. "Umenipokea," nikasema.

Kisha, kwa mkono ule wa wembe, akauinua Utepe. Haukuwa mzito. Ulipanda juu kama kamba ya nguo inavyopanda ukitia mti wa kuitegemezea.

"Pita. Jioni nitaingia kulala na gauni hili. Nikiamka bado najua kuwa mama alikufa, nitalia, basi. Mtu ana haki ya kulia mara moja akamaliza." Akaigeukia foleni. "Nyie mnaangalia nini?"

Nilikuwa nimeshainama kupita nilipomsikia mtu nyuma yangu akimuuliza mwenzake kama ana sindano.

*

Mwinuko hakuna maajabu. Nilitegemea anga nyingine. Udongo ni ule ule, ila mwekundu zaidi. Watu wanasalimiana vilevile, ila wanangoja jibu. Watoto walitufuata, mashati yao yanang'aa pini kama samaki, wakalitazama gauni la Kidawa, mmoja akalivuta pindo aone kama litaachia. Halikuachia. Akacheka, akaita wenzake waje kuvuta.

Nilijipapasa dole gumba njia nzima. Nakumbuka kushona kola? Nakumbuka. Nakumbuka mvua iliyoingia ndani? Nakumbuka. Namkumbuka huyu wa mgongoni, uzito wake, joto lake, jina lake nililolichagua mimi? Kila hatua nilijiuliza, kila hatua nilijijibu, na kujibu kulikuwa kutamu.

Kibaraza kilikuwa pale walipokisema. Kijana alikuwa anafagia vipande. Shingo ile. Masikio yale. Kidevu laini, ambacho mimi sikuwahi kukijua, kwa sababu tulikutana ana ndevu. Ilikuwa kama kumwona mume wangu kabla hajafika kwangu. Nikasimama jua likiniwaka, nikamtazama kwa udadisi zaidi ya huzuni. Kumbe alikuwa hivi. Kumbe huyu ndiye aliyekuwa njiani anakuja.

Akaniona. Akaegesha ufagio ukutani, akaweka mikono nyuma kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

Mume wangu. Ningefanya nini? Kuna salamu ambazo haziachi mlango mwingine.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Hujambo?"

"Sijambo. Fundi mkubwa hayupo, amekwenda kula. Kama ni kushonesha, mngoje." Macho yake yalikuwa yameshuka kifuani pangu, kwenye ule mshono, akasahau adabu, akasogea. "Samahani, mama. Hapa ulirudia mara ngapi?"

"Mpaka sindano ikakataa."

"Haufumuki huu." Akaugusa kwa ncha ya kidole, kama unavyogusa mtoto aliyelala. "Nani kakufundisha?"

"Tulikuwa wawili. Mimi nilishona, mwenzangu alikata."

"Na vifungo?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeondoka nyuma alikouweka, umepanda taratibu mpaka kwenye kola yake, ukapapasa, ukakuta patupu, ukabaki pale pale. Akauangalia, kama mtu anayeangalia mbwa wa mwingine aliyemfuata.

Nikachukua mkasi wa dukani, nikaukata mwenyewe mshono wangu, kwa mkono wangu, kwa kuwa aliyeshona ana ruhusa. Mbeleko ikalegea. Kidawa akateleza mgongoni mpaka chini, akasimama kati yetu, anamtazama kutoka miguuni kwenda juu, bila haraka. Nikachomoa sindano kwenye kola yangu. Kilikuwa kimebaki kipande cha uzi wa mlimani, mweusi. Labda wa Shomari, labda wa mwashi aliyekufa, labda wa bendera. Nikamwelekezea.

Kijana akarudi nyuma hatua. "Mimi bado sijaruhusiwa sindano, mama. Mimi nafagia."

"Ishike tu."

Akaishika. Nikaona dole gumba na kile cha shahada vinavyoipokea, vinavyoigeuza, vinavyolipima tundu lake bila macho. Uso wake haukujua. Vidole ndivyo vilivyotangulia, na yeye alikuwa anavitazama vinakokwenda, akingoja, kama nilivyokuwa nangoja mimi, kama pengine na Bi Hidaya kule Utepeni alivyokuwa anaingojea jioni.

Kidawa akanyoosha mkono na kuifungua ile ngumi aliyoifumba tangu alfajiri. Kiganja kilikuwa na jasho, na kifungo kilikuwa kimeacha alama ya matundu yake kwenye ngozi.

"Baba, nishonee kifungo changu."